Umepewa Nafasi ya Mwanajeshi? Usianze na Bunduki

Juma lililopita dada mmoja wa Kayole aliniandikia hivi: "Kaka, nimepita odisheni. Nitaigiza luteni katika filamu ya vita na tunaanza kupiga picha mwezi ujao. Sijawahi kushika bunduki maishani mwangu. Nianzie wapi?"

Tangu filamu yetu ianze kuonyeshwa nimepata jumbe nyingi za aina hii, na karibu zote zinauliza habari za bunduki. Nimeona nijibu hapa kwa urefu, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnakitamani ninachokitamani mimi: Mkenya aketi ukumbini, alione jeshi kwenye skrini, asahau kabisa kwamba anatazama waigizaji.

Kwa ambao hamjaiona, ni filamu ya askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la wakoloni wa Kiingereza lililoandikisha Waafrika wa huku kwetu, waliopelekwa Burma, ambayo leo ni Myanmar, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mimi niliigiza sajini. Usiku tulipoionyesha mara ya kwanza hapa Nairobi, taa zilipowashwa, mzee mmoja alishuka ngazi polepole akaja akanishika mkono, asiuachilie.

"Kijana, wewe ulikuwa batalioni gani?"

"Mzee, mimi ni mwigizaji. Sijawahi kuandikishwa jeshini."

"Usinidanganye. Nimekutazama ukivaa soksi."

Baadaye nilikuja kujua kwamba mzee huyo alitumikia jeshi sehemu kubwa ya maisha yake. Hakutaja mapigano ya mtoni, ambayo yalitugharimu pesa na usingizi. Alitaja onyesho ambalo nusura likatwe wakati wa kuhariri: nimeketi juu ya gogo, bunduki imelala mapajani, navua buti moja tu, nakausha mguu hadi katikati ya vidole, navaa soksi kavu, nafunga kamba, na hapo ndipo ninapoligusa buti la pili. Ni buti moja baada ya jingine, maana adui akitokea ukiwa peku miguu yote miwili, umekwisha. Hilo halikuwa kwenye skripti. Nilifundishwa, nikarudia mpaka mwili ukalishika, na siku ya kamera mikono ilijiendea yenyewe.

Nalisema kwa fahari. Nimelitafuta jambo hilo kwa miaka, na nililipata baada ya kudharauliwa.

Kabla ya filamu hii nilikuwa katika tamthilia moja ya televisheni ambayo sitaitaja, wala sitamtaja mtayarishaji wake. Tulikuwa askari wa kulinda amani. Asubuhi ya siku ya kwanza tulipewa sare zenye mistari ya pasi, tukapewa bunduki za plastiki, tukaambiwa tukunje nyuso na tuonekane wakali. Niliomba mbele ya watu wote tupewe hata wikendi moja na mtu aliyewahi kuwa jeshini. Jibu lilikuwa kwamba bajeti haina nafasi ya anasa. Kipindi kikaonyeshwa. Wanajeshi wastaafu wakaingia mitandaoni wakatuchambua mmoja mmoja: huyu kidole kiko kwenye kifyatulio muda wote, huyu amemwelekezea mwenzake mtutu mgongoni, hawa wanatembea wamebanana hivi, guruneti moja tu lingewamaliza. Walisema kweli. Lakini nyuso zilizokuwa kwenye skrini ni zetu, na waliochekwa kwenye matatu ni sisi.

Kisha katika kikao cha kujadili msimu wa pili, mtayarishaji yuleyule akasema waigizaji wa Nairobi hawana mwili wa kijeshi, na kwamba safari ijayo angewatafuta Afrika Kusini. Niliketi pale nikanyamaza, na maneno yale yananichoma hadi leo. Aliyetunyima mafunzo ndiye aliyetuhukumu kwa kukosa mafunzo. Na tisho lenyewe halikuwa la bure. Eye in the Sky ya mwaka 2015, ambayo hadithi yake inahusu nyumba moja ya mtaa wetu wa Eastleigh inayochunguzwa na ndege zisizo na rubani, ilipigwa picha Afrika Kusini. Eastleigh ikajengwa kwingine, na sisi tuko umbali wa nauli ya matatu.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya sajini, sharti langu la kwanza lilikuwa mafunzo. Mwelekezi wetu, namshukuru, alikuwa na sharti lilo hilo hata kabla sijafungua mdomo.

Wenzetu wa ng'ambo waliliamua jambo hili zamani. Mwelekezi Oliver Stone alipigana Vietnam akiwa askari wa miguu. Alipotengeneza Platoon, iliyotoka mwaka 1986, aliwakabidhi waigizaji wake kwa Dale Dye, kapteni mstaafu wa Wanamaji wa Marekani (Marines) aliyepigana vita hivyohivyo. Dye aliwaingiza katika msitu wa Ufilipino kwa takriban wiki mbili kabla ya kamera kuwashwa. Walichimba mashimo wakalala humo humo, wakala chakula cha kopo cha jeshi, wakalinda kwa zamu usiku, wakashtuliwa kwa milipuko gizani. Kila mmoja aliitwa kwa jina la mhusika wake. Upigaji picha ulipoanza walikuwa wamechoka kweli, na uchovu ule unauona machoni pao. Filamu hiyo ilitwaa Oscar ya filamu bora.

Wengi wakisikia habari za kambi ya Dye hudhani maana yake ni mateso, na mwelekezi akiwakimbiza waigizaji Uhuru Park na kuwatukana asubuhi mbili tatu anaona amemaliza kazi. Mimi nimeisoma kambi ile kwa namna nyingine. Kukimbia kunampa mtu pumzi, lakini zamu ya usiku ndiyo inayomfundisha kwamba mwenzake amelala kwa sababu yeye yuko macho. Angalia Saving Private Ryan ya mwaka 1998. Dye aliwachukua Tom Hanks na wenzake wakalowa na kutetemeka kwenye matope, hadi baadhi wakataka kuacha, na Hanks ndiye aliyewashawishi wabaki. Matt Damon hakupelekwa, na ilikuwa kwa makusudi. Katika hadithi yeye ndiye yule mtu ambaye wenzake wanahatarisha maisha kumtafuta bila kumjua, na mwelekezi wake, Steven Spielberg, alitaka wale wengine wawe na kinyongo cha kweli dhidi ya mtu aliyelala pakavu. Kutomfunza mmoja kukawa sehemu ya mafunzo ya wote.

Na yuko R. Lee Ermey, aliyekuwa mkufunzi halisi wa makuruta wa Wanamaji. Katika Full Metal Jacket ya mwaka 1987 aliajiriwa kama mshauri. Akajirekodi akibwata matusi mfululizo huku akirushiwa vitu, bila kupepesa wala kukatiza, na mwelekezi Stanley Kubrick alipoona rekodi ile akampa yeye nafasi ya mkufunzi. Hata Black Hawk Down, filamu ya vita vya Mogadishu vya Oktoba 1993, vita vya jirani yetu kabisa, ilipigwa picha Moroko na waigizaji wa kikosi cha Rangers wakapelekwa kufunzwa kambi ya Fort Benning, jimbo la Georgia. Hakuna aliyeiita anasa.

Sisi tulikuwa na Afande. Ndivyo tulivyomwita na ndivyo nitakavyomwita hapa, maana hapendi jina lake litajwe. Ni mstaafu wa jeshi la miguu, mtu mfupi, mpole wa sauti, mwenye shamba la mboga nje ya jiji. Siku ya kwanza alikuja na furushi la fimbo za mkaratusi alizozikata mwenyewe, nene, kila moja ikikaribia kilo 4, ambao ndio uzito wa Lee-Enfield, bunduki waliyoibeba askari wa KAR. Akampa kila mmoja wetu fimbo yake. Alisema maneno machache tu: "Hii ni bunduki yako. Ukienda chooni nenda nayo. Ukila kula nayo. Nikiikuta chini, wenzako wote watalipa."

Tuliichukulia kama mchezo mpaka mmoja wetu alipoiegemeza kwenye mti akaenda kuchota chai. Afande hakumgusa wala hakumkaripia. Alituamuru sisi wengine tulale kifudifudi kwenye matope, na yule kijana akaambiwa amalizie chai yake akiwa amesimama, taratibu, huku akitutazama. Hakuna aliyeiacha fimbo tena. Wiki moja baadaye nilijikuta nyumbani nimeketi mezani mkono wangu ukipapasa pembeni mwa kiti kuitafuta. Mke wangu aliniuliza nimepoteza nini.

Huo ndio mwanzo ninaokwambia, dada yangu. Tafuta kipande cha mti kabla hujatafuta bunduki. Mtu anayebeba bunduki kila siku haitazami. Anajua ncha yake ilipo bila kuangalia, anapita mlangoni bila kuigongesha, anainama kufunga kamba bila mtutu kugusa udongo, na akisimama karibu na mwenzake inajigeuza yenyewe kuelekea chini. Mwigizaji asiyefunzwa kazi yake ni kuichungulia, na kamera inaliona jambo hilo mara moja.

Siku za gwaride sitazieleza. Tulisimama, tukageuka, tukatembea, jua likatupiga. Linafaa, linanyoosha mgongo, lakini halina hadithi.

Hadithi ziko msituni. Tulipiga kambi Kereita, kule Lari, wakati wa mvua za masika, na mvua ile haikuwa ajali. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika hadi Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 katikati ya mvua kubwa za huko, matope magotini, malaria ikiwaangusha watu, mpaka wakafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Mwelekezi alitaka tuijue mvua. Soksi zetu hazikukauka. Malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Hapo ndipo Afande alipoketi na sisi akatufundisha mguu: kukausha, kupaka poda, soksi kavu zihifadhiwe kifuani ndani ya shati ili joto la mwili lizilinde, buti moja baada ya jingine. Alitumia asubuhi nzima kwa miguu. Bunduki yenyewe, ilipokuja, hatukuipa hata nusu ya muda huo mara ya kwanza.

Usiku tulilinda wawili wawili kwa zamu. Afande alitufundisha kwamba kabla ya alfajiri na tena jua linapozama kikosi kizima huamka na kushika nafasi zake, kila mtu akitazama nje, kwa kuwa saa hizo za mwanga hafifu ndizo zinazompendelea mshambuliaji. Ni desturi ya majeshi yaliyolelewa na Waingereza. Basi kila alfajiri tulilala kwenye mashimo yetu, ukungu mzito, kimya, kila mmoja na upande wake. Upande wako ni wako. Ukisikia kishindo upande wa mwenzako hugeuki, kwa sababu ukigeuka umeufungua mlango wako. Jaribu uone ilivyo vigumu! Shingo inataka kugeuka. Ilinichukua muda kuizuia, na siku nilipoweza nilielewa kitu ambacho hakuna mwelekezi aliyewahi kuniambia: utulivu wa mwanajeshi unatokana na kumwamini aliye nyuma yake. Uso mkali hauleti utulivu huo. Mwenzako ndiye anayeuleta.

Ndiyo maana nawaambia, msifanye mazoezi peke yenu. Naona video za vijana wakijifunza mbele ya kioo chumbani, wakiviringika kitandani na bunduki ya mbao. Bidii hiyo naiheshimu, lakini kioo hakiwezi kukulinda. Tafuta waigizaji wenzako wa kikosi chako, hata kama mtayarishaji hajawaita, mtembee pamoja, mle pamoja, mbebe mizigo pamoja. Mkitoka hapo mtakuwa mmeshajua nani anachoka kwanza, nani anakoroma, nani hugawa maji yake. Hayo yote yataingia kwenye picha bila mtu kuyaandika.

Kula nako kuna somo lake. Tulikula maharagwe na ugali, kwa haraka, nusu ya kikosi kikila na nusu kikilinda, bakuli mkono mmoja, fimbo katikati ya magoti. Katika filamu nyingi zetu askari wanakula kama wako harusini, wote wakitazamana kwenye duara. Mtazamaji wa kawaida huenda asijue kasoro iko wapi, lakini ataihisi. Na yule aliyewahi kuwa huko ataizima televisheni.

Bunduki zilipofika, zile za zamani zilizozimwa zisiweze kufyatua, tulikuwa tayari. Lee-Enfield hukokiwa kwa mkono, kwa kuvuta komeo lake la chuma, kila baada ya risasi moja, na jeshi la Uingereza lilimtaka askari wake aliyefuzu apige risasi 15 za kulenga kwa dakika. Siri yake ni kwamba haushushi kitako begani unapovuta komeo, na jicho halitoki kwenye shabaha. Tulivuta komeo mpaka ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ikachubuka. Kidole cha shahada kinalala ubavuni mwa bunduki, nje ya kifyatulio, mpaka dakika ile ya kufyatua. Hilo la kidole lirudie, dada, lirudie, lirudie tena. Ukisahau yote niliyoandika hapa, likumbuke hilo.

Halafu kuna mlio. Risasi tupu, zile zenye baruti bila kichwa, hulia kwa nguvu, na mwili wa binadamu hupepesa macho kabla hata kidole hakijabana. Askari mzoefu hupepesa kidogo mno. Sisi tulizoezwa kwa Afande kupiga vibao vya mbao nyuma ya masikio yetu tukiwa tumelenga, siku baada ya siku, huku tumeziba masikio kwa pamba, ndipo tukaletewa risasi tupu mikononi mwa mtaalamu wa silaha.

Hapa sitabembeleza mtu. Risasi tupu inaua. Brandon Lee alikufa mwaka 1993 akipiga picha ya The Crow, kwa sababu kipande cha risasi kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu na baruti ya risasi tupu ikakisukuma nje. Tarehe 21 Oktoba 2021, kule New Mexico, mpiga picha mkuu wa Rust, Halyna Hutchins, aliuawa na risasi halisi ambayo haikupaswa kuwa popote karibu na seti. Hao ni watu wa nchi zenye bajeti ambazo sisi tunaziota. Usipokee silaha kwa mtu asiyekuonyesha kwanza, mbele ya macho yako, kwamba ni tupu. Mwambie akuonyeshe hata kama watu wanakungoja, hata kama jua linazama na mwelekezi anapiga kelele. Usimwelekezee mtu mtutu, hata wa plastiki, maana mkono unaozoea plastiki utafanya hivyohivyo kwa chuma.

Na hapa Nairobi kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya ng'ambo haviisemi. Usitembee mtaani na bunduki ya kuigiza, usiitoe kwenye mfuko ndani ya matatu, usipige video barabarani bila polisi wa eneo hilo kujua. Sheria ya Kenya inakataza raia kuvaa sare za KDF, jeshi letu la ulinzi, bila idhini. Kikosi chenu kiwe na leseni ya kupiga picha na barua mkononi, na sare zivaliwe seti na kuvuliwa seti. Kuna mwigizaji mwenzetu aliyelala seli kwa ajili ya suruali ya madoadoa. Alikuwa anaenda kununua maziwa.

Sasa, luteni. Dada yangu, usijaribu kuwa na sauti ya mwanamume. Afande alituambia kwamba maafisa aliowafuata kwa moyo walikuwa watu wa maneno machache, na ishara zao zilikuwa chache vilevile. Afisa akipaza sauti kila wakati, siku ya hatari hatakuwa na sauti nyingine ya kuongeza. Kula baada ya askari wako. Fahamu majina yao. Kagua miguu yao kabla ya yako. Ukifanya hivyo na wenzako kambini, siku ya kamera watakutazama kwa namna fulani kabla hujasema neno, na macho yao ndiyo yatakayokupa cheo. Hakuna mwigizaji anayeweza kujipandisha cheo peke yake.

Huna Afande? Huna bajeti? Bado jiji hili limejaa walimu. Kila mtaa una mstaafu wa jeshi: fundi wa baiskeli, mzee wa kanisa, mama wa duka la dawa. Nenda kwa adabu, na usiende mikono mitupu. Lakini tafadhali, usianze kwa kumuuliza kama amewahi kuua. Nimeshuhudia kijana akimuuliza Afande swali hilo. Afande aliinuka akaenda kukagua jiko. Kuna watu wanaoishi nasi mitaani waliopoteza wenzao kambi ya jeshi letu ilipovamiwa El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, na mambo hayo hawakuyaweka wazi kwa ajili ya odisheni zetu. Uliza walikula nini. Uliza walilala vipi, walibeba nini mfukoni ambacho hakikuruhusiwa, walifanya nini siku ambazo hakuna kilichotokea. Utashangaa, sehemu kubwa ya maisha ya askari ni kungoja, na ukijua kungoja kwake umeshaijua nusu ya kazi. Mimi nilijifunza sajini wangu kutoka kwa jinsi Afande anavyongoja basi: mgongo hauegemei nguzo, macho yanapita kulia hadi kushoto kisha yanarudi, mikono haiingii mfukoni.

Mkimaliza hapo, tembeeni. Beba shanta lenye uzito wa kweli, panda milima ya Ngong na upepo wake, shuka, rudi nyumbani kwa miguu kadiri mtakavyoweza, halafu siku hiyohiyo msome mistari yenu mkiwa mmechoka. Mistari itabadilika. Maneno marefu yatakatika yenyewe. Tulipofanya hivyo mwandishi wetu alifuta karibu theluthi ya mazungumzo, na filamu ikapumua.

Nasema haya kwa ukali kwa sababu deni si dogo. Pita Kenyatta Avenue utazame zile sanamu tatu za shaba, ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Soko la Kariakor limechukua jina lake kwa hao hao, Carrier Corps, na kila siku tunanunua vikapu pale bila kuwakumbuka. Wana wao ndio waliokwenda Burma. Waruhiu Itote alipigana huko na KAR, akarudi, akaingia msitu wa Mlima Kenya kuongoza wapiganaji wa Mau Mau, na Waingereza wakamjua kama Jenerali China. Aliyoyajua msituni hakuyaanzia Mlima Kenya. Watu kama hao wana wajukuu hapa mjini wanaolipa tiketi kuja kutuona. Tukisimama mbele yao tumeishika bunduki kama mwiko, tumewatukana waliowalea. Hilo mwelekezi lazima alijue, mwigizaji alijue, na zaidi ya wote mwenye kushika mfuko wa pesa alijue.

Maana kwa kweli mwigizaji wa Nairobi hakukosa mwili. Kundi letu lilikuwa na muuza mitumba wa Gikomba, mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa boda na wahitimu wawili wa chuo kikuu, na yule mzee wa ukumbini aliwaona wote akawaita askari. Kilichokuwepo safari hii ni chakula cha kambi, mkufunzi aliyelipwa, na muda.

Basi kabla hujaweka sahihi, uliza mambo haya uandikiwe. Nani atatufunza, na aliwahi kutumikia wapi? Siku za mafunzo zinalipwa? Kambini kuna daktari au muuguzi, na bima inaanza siku ya kambi au siku ya kamera? Mtaalamu wa silaha ni nani, na ana mamlaka ya kusimamisha kazi hata mwelekezi akikataa? Ukiambiwa mafunzo ni ya kujitolea, jibu kwamba mtu anayelala kwenye shimo Kereita saa kumi za usiku kwa ajili ya filamu yao yuko kazini. Mimi siweki sahihi tena bila majibu hayo kwenye karatasi. Mwezi uliopita niliurudisha mkataba wa nafasi nzuri sana, nafasi ya meja, kwa sababu mstari wa mafunzo ulikuwa umefutwa kwa kalamu. Jana wamepiga simu wakasema wanauandika upya.